Mchuzi Mwekundu wa Bigwa

Bigwa, mwezi 5 Mfunguo Nane, 1327
(kwa hesabu ya Wadachi, Mei 1909)

Mume wangu Mikidadi bin Kibwana,

Salamu zangu zikukute huko mlikofika na reli yenu, mahali ambapo hata jina lake silijui, maana kila barua unataja pengine. Sisi wazima. Masika yamekwisha, mto umepungua, na paa uliloliezeka kabla hujaondoka halijavuja hata tone. Kila nikilitazama nakutazama wewe.

Hatibu wa gari la moshi ameniletea kikapu jana, kitupu kabisa, kimefutwa hata mafuta. Nilicheka peke yangu uani mpaka mama akauliza kuna nini. Nikamwambia, mwenye njaa yake amekula. Basi nakuletea kingine. Kuna achari ya maembe niliyoitia pilipili kichaa bila huruma, kuna kambare wa kukaanga waliolala katika ndimu na pilipili, na kichupa cha pilipili ya kusaga ya kutia katika maharage yenu ya kambini, kwani najua mpishi wa reli hajui kitu.

Unaikumbuka siku ya posa? Nyumba yetu ina ada yake: mchumba huketishwa mbele ya wajomba, akaletewa mchuzi mwekundu wa pilipili, na atakayetokwa na chozi hurudi kwao. Waliokutangulia walirudi wakikohoa njia nzima. Wewe ulikula bakuli zima, kisha ukatabasamu na lile jino lako la mbele lililomeguka kwa kung'ata misumari. Mjomba Yunusi akasema, "Fundi huyu ana tumbo la chuma. Mpeni." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikaona jasho linavyokutiririka kisogoni, wala hukulifuta. Hapo ndipo nilipokupenda.

Kitanda hiki ni kipana mno, Mikidadi. Ulikichonga mwenyewe, hukufikiri kwamba atakilalia mtu mmoja. Reli ikifika Dodoma watakuachia urudi? Niambie ndiyo, hata kama ni uongo.

Wako,
Chausiku binti Ahmadi


Kambi ya reli, bonde la Mkondoa, mbele ya Kilosa
Mwezi 19 Mfunguo Nane

Mke wangu Chausiku,

Barua imefika na kikapu kimefika. Ahsante sana. Kimekwisha siku hiyo hiyo.

Kazi yangu sasa ni mbao za daraja. Kutwa napiga randa na kutoboa, na jioni mikono inanuka mninga. Msimamizi wetu Mdachi hana maneno mengi, ila mtu asiyeweza kunyanyua boriti humwambia akafunge mzigo wake aende kwao. Mimi bado nanyanyua.

Jana nilikukumbuka kwa jambo dogo. Niliona boga katika shamba la watu wa hapa, nikakumbuka lile ulilonipikia siku ile mvua ilipoingia jikoni ikalowesha viungo vyote. Ulilichemsha kwa tui na chumvi tu, ukaona haya kuniletea. Sikupata kukwambia kwamba boga lile nililipenda kuliko vyakula vyote nilivyokula nyumbani kwenu. Kama siku moja utakosa la kutia katika kikapu, tia boga. Au ndizi mbivu. Usijisumbue na pilipili, njia ni ndefu na chupa huvunjika.

Umeuliza kama watatuachia. Kila siku wanasema mwezi ujao. Nikigeuka upande wako nakuta turubai la hema, na upande wa pili ni Severini, yule kijana wa misheni ya mlimani, anakoroma. Anakusalimu. Anasema mapishi yako yatamrudisha dhambini.

Mumeo,
Mikidadi


Bigwa, mwezi 3 Mfunguo Tisa

Mume wangu,

Boga! Nilimsomea mama, naye akaniuliza, "Mwanangu, mumeo anaota meno?" Boga ni la mtoto na bibi kizee. Mume wangu mwenye tumbo la chuma nimpelekee boga, watu wa kambini waseme Chausiku amesahau kupika? Hapana bwana. Chupa nimeizungushia majani makavu ya mgomba, haitavunjika hata Hatibu akiiangusha. Achari hii ni kali kuliko ile ya kwanza. Nimeipika nikilia, na si kwa sababu ya pilipili peke yake.

Hatibu anasema mwezi wa Rajabu mafundi hupewa ruhusa ya siku chache. Nimekwisha anza kupaka nyumba udongo mweupe. Mikono imechubuka na sijali.

Wako,
Chausiku


Kambini, mwezi 20 Rajabu

Mke wangu,

Ruhusa ilitoka, sikuweza kuja. Daraja limetushika. Najua umepaka nyumba na najua ulisimama njiani siku ya gari la moshi, Hatibu ameniambia. Usinikasirikie.

Kikapu kimefika, kimekwisha.

Asubuhi, kabla ya kupigwa kengele ya kazi, hufumba macho nikaona moshi wa jiko lako ukipanda kuelekea mlimani, na mawingu yakishuka kuupokea. Hukaa hapo mpaka waniite. Nikipata siku moja tu ya kukaa katika moshi huo sitaomba kitu kingine.

Mumeo,
Mikidadi


Bigwa, mwezi 8 Shaabani

Mikidadi,

Hatibu alikuja kuomba maji ya kunywa, akanywa, akashukuru, kisha akavunja nyumba yangu. Alisema, "Bibi, Severini amenenepa kwa vyakula vyako mpaka kaptura haifungi. Mumeo hata hatii mkono. Hukitazama kikapu, akakifunika, akamsogezea mwenzake." Alisema hayo mbele ya mama na mbele ya Asia, mke wa mjomba Yunusi, na Asia ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri liko Kilakala.

Unajua huku wanasemaje mume akikataa chakula cha mkewe. Hafungui kinywa, lakini amekwisha sema: mke wangu ameniwekea kitu. Sasa nimepewa jina hilo. Juzi kisimani wanawake walinipisha nichote kwanza, kwa adabu nyingi mno. Hakuna aliyenitania. Mimi ambaye nilikuwa nikifika kisimani watu wanasahau ndoo zao kwa kucheka.

Sikukuwekea kitu, Mikidadi. Niliweka maembe na chumvi na pilipili. Kama umenichoka, sema. Kama yuko anayekupikia huko, sema, nilie mara moja nimalize.

Mjomba Yunusi amekwisha kata shauri. Siku ya Idi uje Bigwa. Utaketi mbele ya wajomba kama siku ile ya posa, utaletewa mchuzi mwekundu nilioupika kwa mikono yangu, na utaula. Ukiula, midomo ya watu imefungwa. Usipokuja, au ukija usile, mimi narudi kuwa binti wa nyumba hii, nawe ubaki na reli yako.

Nimeandika kwa hasira, na sitaifuta. Lakini jana nilijikuta nimekuchambulia mchele wako pamoja na wangu.

Chausiku


Kambini, mwezi 25 Shaabani

Chausiku mke wangu,

Hakuna anayenipikia. Wala haijapata kunijia, hata kwa bahati mbaya, kwamba mkono wako unaweza kuniwekea kitu. Hatibu amesema kweli. Na mimi niliandika kweli nusu: nilisema kimekwisha, sikusema aliyekimaliza. Sababu ninayo, na haikuhusu wewe. Nikiitaja nitakupoteza, kwa hiyo sitaitaja.

Nitakuja siku ya Idi. Nitaketi pale pale nilipoketi, na nitakula bakuli zima. Ukoleze upendavyo. Wajomba wote wanione, na mke wa mjomba, na wanawake wa kisimani.

Na kama baadaye kutatokea jambo, barua hii iwe shahidi kwamba nilikula kwa hiari yangu na kwamba chakula chako hakikuwa na kosa.

Nimekukumbuka mpaka nimechoka kukumbuka.

Mikidadi


Kambi ya reli, tarehe 3 Oktoba 1909

Shemeji Chausiku,

Salamu nyingi. Mimi ni Severini, ninayelala hema moja na mumeo. Naandika kwa herufi za Kizungu, maana ndizo nilizofundishwa misheni. Dada yangu Paskalia, yule anayeshusha mboga sokoni, atakusomea, na nimemwapiza asimsomee mwingine. Mumeo hajui kwamba nimeshika kalamu.

Kwanza niseme lililo wazi: vyakula vyako nimekula mimi. Watu husema pilipili usizozila zakuwashiani. Hizi, shemeji, nimezila zote, na ndiyo maana nasema.

Mumeo ana kidonda ndani ya tumbo. Mganga wa kambi alimpima tangu mwezi wa Aprili, akamwambia pilipili basi, ndimu basi, kahawa na tumbaku basi. Ale vitu laini, kidogo kidogo, mara nyingi, asikae na tumbo tupu. Kikapu chako cha kwanza alikula mwenyewe, kwa sababu kilikuwa chako, na usiku ule nilimshika mabega mpaka kukacha. Toka siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa tumbo lake.

Kwa msimamizi anaficha asifukuzwe kazi. Kwako anaficha kwa sababu ya mchuzi wenu ule. Anasema, "Walinipa Chausiku kwa sababu ya tumbo la chuma. Wakijua limetoboka watamchukua." Nikamwambia huo ni upumbavu. Akanijibu, "Wewe si mkwe wa Bigwa."

Sasa anafunga Ramadhani. Mimi si wa dini yenu, lakini hata wenzake wamemwambia mgonjwa ana ruhusa. Hataki, kwa kuwa akionekana anakula mchana watu watauliza. Juzi alitapika, na yalikuwa meusi kama masizi ya sufuria. Na bado anataka kuja kula mchuzi wako siku ya Idi. Jana amenipa randa yake, shemeji. Akasema ni yangu. Wewe ni mke wa fundi, unajua fundi hatoi randa yake akiwa na nia ya kurudi kazini.

Nimesema. Mungu anisamehe kwa ulafi na kwa umbeya pamoja.

Severini


Bigwa, siku ya Ijumaa, Ramadhani imebaki siku chache kwisha

Shemeji Severini,

Paskalia anaandika, mimi nasema na kulia, kwa hiyo usishangae hali ya karatasi. Sina neno na kula kwako. Ungemwachia yeye, leo ningekuwa ninapokea mkono wa pole.

Mimi ndiye niliyemcheka kwa boga.

Sasa sikiliza. La kufunga nimemwachia Hatibu, naye safari hii ameonja ubaya wa ulimi wake. Atamwambia kwamba msafiri hafungi, na fundi wa reli ni msafiri mpaka arudi kwake. Hapo ugonjwa hautajwi na hakuna wa kumuuliza. Wewe mpikie. Asubuhi uji wa ulezi, mwembamba, uliopoa. Ndizi mbivu za kuchemsha. Magimbi uyaponde. Kuku umchemshe mpaka nyama iachane na mfupa, utie chumvi tu, na mkono wako wa pilipili uufunge kamba. Maziwa, kama wafugaji wa huko watakubali kukuuzia. Na boga. Mpe boga, Severini, kila mara atakapolitaka, na usimpe chakula kingi kwa mara moja.

Usimwambie kwamba najua. Mimi namjua mtu wangu. Akisikia siri yake imefika Bigwa, ataona haya, hatapanda gari la moshi, na siku ya Idi wajomba watangojea mahali patupu. Hapo tutakuwa tumeachana kwa sababu ya aibu. Mwache aje na ushujaa wake huo huo. Mchuzi niachie mimi.

Randa yake ipake mafuta isishike kutu. Ataitaka.

Shemeji yako,
Chausiku


Kambini, mwezi 7 Mfunguo Mosi, baada ya Idi

Mke wangu Chausiku,

Nimerudi salama. Nyumba ilikuwa imejaa wageni na gari la moshi likaondoka alfajiri. Sikupata kukwambia neno hata moja, ila pale mlangoni uliponipa kikapu ukasema, "Hiki ni chako peke yako." Basi naandika niliyotaka kuyasema.

Uliweka bakuli mbele yangu. Mchuzi ulikuwa mwekundu, mwekundu kuliko ule wa posa. Wajomba wameketi mbele yangu, wanawake wamebanana mlangoni, Asia mke wa mjomba mbele yao. Nilikutazama, hukuinua uso. Nikasema moyoni, amenikasirikia mpaka mwisho, na ni haki yake. Nikapiga bismillahi, nikamega tonge, nikachovya, nikangojea moto.

Haukuja. Likaja boga. Likaja tui, na kuku laini asiyehitaji jino. Nikachovya tena, nikidhani hofu imeniua ulimi. Boga lile lile la siku ya mvua, limejificha ndani ya wekundu. Hapo nikajua kwamba unajua, na kwamba ulijua tangu kabla sijapanda gari la moshi, na bado ukaniacha nije nikae mbele yao nikiwa mwanamume.

Nilitaka kujizuia. Chozi likatoka, likaanguka katika bakuli mbele ya wote. Mjomba Yunusi akainuka, nami nikasema basi, ada imekwisha nihukumu, aliyetokwa na chozi hurudi kwao. Akaja akatia kidole katika mchuzi, akalamba. Akakutazama wewe, akanitazama mimi. Kisha akawageukia wenzake akasema, "Pilipili ya mwaka huu kali kwelikweli. Hata mimi ingeniliza. Mwacheni mtu ale na mkewe."

Siku zote nilidhani nimepewa wewe kwa sababu ya tumbo.

Uliutoa wapi wekundu ule? Na nakurudishia kikapu kwa Hatibu, uniwie radhi, safari hii hakikwisha. Nimekula kidogo kidogo, kama mlivyopatana wewe na Severini bila mimi; amekwisha ungama yote. Umebaki mkate kipande. Severini aliutaka, nimemnyima. Nimeuacha humo ili uone mwenyewe. Randa yangu amenirudishia, na imepakwa mafuta.

Mumeo,
Mikidadi


Bigwa, mwezi 10 Mfunguo Mosi

Mume wangu Mikidadi,

Wekundu ni wa mzingefuri, mbegu zile watu wa pwani wanazotilia rangi chakula. Ukali hazina hata kidogo. Nilizipata kwa mwanamke mmoja sokoni, nikaharibu sufuria kadhaa kabla rangi haijatulia, na mama akidhani nimerukwa na akili. Sasa anaujua ukweli, naye kila akipika boga hunipa la kwanza nionje.

Mjomba Yunusi hajanisema. Ila jana alikuja peke yake, akaketi jikoni, jambo ambalo halijapata kutokea, akaninong'oneza akiuliza kama nimebakiwa na ule mchuzi wako. Kumbe tumbo lake humuuma tangu ujana wake! Miaka yote hiyo anakula pilipili na kukaza uso, na anawarudisha vijana wa watu kwao wakikohoa. Nimempikia. Amekula taratibu, akaniambia, "Chausiku, chakula hiki kinampenda mtu." Kisha akaniapiza nisimwambie Asia.

Wanawake wa kisimani wameanza kunitania tena. Jana wamenisukuma mstarini.

Na kikapu kimefika. Miezi yote ile kilirudi kitupu, nami nikacheka uani kwa furaha, kumbe nilikuwa nikimnenepesha Severini. Safari hii Hatibu alikitua mlangoni kwa haya, akasema, "Bibi, safari hii amebakiza. Sina la kuongeza." Nikakifungua. Mkate wangu wa boga, kipande, umekauka, umeng'atwa upande mmoja. Nikautoa nje penye mwanga. Katika alama ya meno lilikuwapo pengo dogo mbele, pale jino lako lilipomeguka kwa misumari.

Ni wewe uliyekula. Nimekaa kizingitini na mkate ule mapajani, nikalia mpaka Hatibu akaondoka bila kuaga.

Dodoma ni mbali, na wewe huko unakula kidogo kidogo, na mimi huku nakungojea vivyo hivyo. Rudi na tumbo lolote ulilo nalo. Usiniletee kikapu kitupu tena maishani.

Mkate sikuutupa. Nimeuchovya katika maziwa, nikaula, kuanzia pale meno yako yalipoishia.

Wako,
Chausiku